Mama Faili na Watu wa Chumba cha Unga

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu mliofika hapa leo, Jumamosi tarehe 18 Machi 2023. Karatasi mliyoshika inasomwa na mdogo wake wa mwisho, fundi vioo, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Wiki tatu kabla ya kufariki alimwita kitandani akamwambia, "Utaandika wewe. Na usinipake mafuta. Mimi nimesoma wasifu wa watu maisha yangu yote, namjua mtu anayedanganya kwenye karatasi." Kwa hiyo mazuri mtakayoyasikia ni ya kweli, na mabaya nayo ni ya kweli.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1961, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Baba yake, ambaye alitangulia mbele ya haki, alikuwa fundi wa njia ya reli. Mama yake alikuwa mshonaji, na yupo nasi hapa, kiti cha mbele. Marehemu alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na ndiyo maana aliitwa Dada Mkubwa, jina lililomganda hata kwa watu waliomzidi umri.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1978. Akiwa darasa la sita alikabidhiwa daftari la mahudhurio. Siku moja mwalimu alishika fimbo kumngoja msichana mtoro, marehemu akamfuata na daftari. "Mwalimu, huyu si mtoro. Anakosa Alhamisi tu, na Alhamisi ndiyo siku pekee dada yake wa darasa la saba anakuja. Sare yao ni moja." Mwalimu aliweka fimbo chini. Mama yetu akashona sare ya pili kwa vitambaa vilivyobaki. Mwalimu yule alisema mbele ya darasa, "Wengine husoma waliopo. Huyu anasoma wasiokuwepo." Baada ya sekondari alikaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama cherehani, ndipo akaenda chuo cha utawala na utumishi, akahitimu mwishoni mwa 1982.

Jumatatu tarehe 4 Julai 1983 aliajiriwa kiwanda cha betri za magari kama karani wa masijala. Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, makabati ya chuma kumi na manne, na ngazi ya mbao iliyopoteza daraja la tatu. Kila aliyefanya kazi pale alikuwa na faili, na kila faili marehemu alilijua kwa mgongo wake. Mtu akiingia hajasema hata shikamoo, yeye ameshanyoosha mkono kwenye kabati lake. Hapo ndipo walipomwita Mama Faili, akiwa na miaka ishirini na mbili, hana mume wala mtoto.

Mwaka 1989 alipandishwa kuwa afisa utumishi msaidizi. Mwaka 1996 akawa afisa utumishi, akisimamia usaili wa waombaji kazi. Makarani wapya aliwaambia, "Kazi hii inataka masikio mawili, mdomo nusu, na kabati lenye kufuli." Kabla ya usaili alikuwa akipita kwa mlinzi wa geti kumwuliza, "Kati ya hawa walioingia asubuhi, yupi alikusalimia?" Alijifunza sheria za kazi mwenyewe, kwa kitabu chenye jalada lililofungwa kwa gundi, na mameneja walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo. Mwaka 2004 akawa mkuu wa idara. Mwaka huohuo kibao cha mlangoni kilibadilishwa kutoka Utumishi kuwa Rasilimali Watu. Alikitazama, akasema, "Jana tulikuwa watumishi. Leo tumekuwa rasilimali, kama magogo na mkaa." Watu walicheka. Yeye hakucheka sana.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 na kijana aliyekuja masijala kujaza fomu ya likizo na kusahau kuichukua mara tatu mfululizo. Mara ya nne marehemu alimwuliza, "Ndugu, unataka likizo au unataka karani?" Kijana huyo, ambaye wenzake walimwita Mizani, alifanya kazi katika chumba cha unga. Kwa wasiojua, betri ya gari hutengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi husagwa ikawa unga wa kijivu, laini kuliko unga wa ngano, ukapimwa, ukachanganywa, ukapakwa kwenye vyuma. Mizani ndiye aliyeupima. Alikaa chumba kile kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, mikono ilipoanza kumtetemeka akahamishiwa stoo.

Ndoa yao ilikuwa ya kutaniana. Kila Jumamosi asubuhi marehemu aliketi uani na beseni, akafua ovaroli za mumewe kwa mkono, huku mume akimsomea gazeti kwa sauti na kuongeza habari zisizokuwemo. Alizikung'uta kwanza vumbi, kisha akaziloweka, na maji yakawa ya kijivu hata baada ya kubadilishwa mara tatu. "Nyumba hii," alikuwa akisema, "inaoga kuliko mwenye nyumba." Mimba mbili za mwanzo hazikufika. Mungu akawajalia binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1994.

Sasa yanakuja aliyoagiza yasirukwe.

Mwezi Aprili mwaka 2005 aliwaagiza makarani wapange fomu za likizo za ugonjwa za mwaka mzima, kila idara na rundo lake. Kiwanda kilikuwa na watu mia nne na kitu. Chumba cha unga kilikuwa na watu thelathini na wanane. Rundo la chumba cha unga likawa refu kuliko marundo mengine yote yakiwekwa pamoja. Alilisoma fomu kwa fomu. Tumbo. Tumbo. Kichwa. Viungo. Tumbo. Alisoma hadi chai ikafanya utando juu, akashuka chini mwenyewe.

Msimamizi wa chumba, waliyemwita Kamanda, alimpokea mlangoni.

"Watu wako wana nini, Kamanda?"

"Wana midomo, Mama. Wanakula hovyo, halafu wanalalamika tumbo."

"Wote?"

"Maskini hula pamoja."

Nyuma yake alikuwepo mchanganyaji aliyeitwa Mluzi, kwa kuwa hakuna wimbo alioshindwa kuupiga kwa mluzi. Siku hiyo alikuwa kimya. Mkono wake wa kulia ulining'inia kwenye kifundo kama mkono wa shati kwenye kamba. Marehemu alimtania ili amchangamshe, Mluzi akacheka, na alipocheka ufizi wake ulionekana. Chini ya meno kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama uliochorwa kwa kalamu, alama ya risasi iliyoingia mwilini. Marehemu akawachekesha wengine, mmoja baada ya mwingine. Alihesabu mistari kumi na saba, akapanda ngazi akiwa ameshika ukuta.

Wiki ya pili ya Mei alipeleka fomu zile kwa meneja mkuu. Meneja alizisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Mama, idara yako inaitwaje siku hizi?"

"Rasilimali watu."

"Basi baki kwenye watu. Magonjwa yana daktari wake."

"Daktari wa kiwanda hajawahi kuingia chumba kile."

"Kwa sababu hajaitwa," meneja alisema, akatabasamu. "Na hataitwa."

Siku tatu baadaye marehemu alipokea agizo. Chumba cha unga hakitaajiri tena watu wa kudumu. Kitachukua vibarua wa mkataba wa miezi sita, na mtu akimaliza miezi sita asirudishwe. Mtu wa miezi sita haingii kwenye orodha ya likizo za ugonjwa. Rundo lingeisha lenyewe.

Marehemu aliandika mikataba hiyo. Kuanzia Juni 2005 hadi Septemba 2008 aliwasaili, akawachagua na kuwatilia saini watu sitini na watatu, wanaume kwa wanawake, na aliwachagua wenye nguvu kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Alijiambia kwamba miezi sita ni michache, wangetoka kabla hayajawapata. "Andika hivyohivyo," alimwambia mdogo wake. "Nilijiambia. Na nilijua ninavyojiambia."

Mdogo wake huyo alikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo na hakuwa na kazi. Aliposikia kiwanda kinachukua watu alivaa shati la kuazima, akaenda ofisini kwa dada yake.

"Dada Mkubwa, sehemu ya unga mnachukua watu kila mwezi."

"Wewe hujafaulu."

"Hujanisaili!"

"Nimekulea. Nilishakusaili."

"Watoto wa watu unawapa, mimi damu yako unaninyima?"

Marehemu aliinuka akamfungulia mlango. Siri za kiwanda alizilinda kama alivyolinda siri za kila faili, na mdomo wake ulikuwa kaburi. Mdogo mtu aliondoka akaapa kutokanyaga kwake, na kweli, kwa miaka saba hakukanyaga. Alipita mbele ya nyumba ile akatazama upande wa pili. Leo anayasoma haya mbele yenu, na kiapo kile ndicho kitu anachokionea haya kuliko vyote alivyowahi kutamka.

Asubuhi ya tarehe 17 Septemba 2008 kijana mmoja aliingia ofisini kuomba barua ya utambulisho. Marehemu alimkumbuka mara moja. Alimchukua mwaka uliotangulia, na kilichompendeza kilikuwa mwandiko wake, ulionyooka kama wa kitabu. Alimpa barua asaini kuipokea. Kijana alishika kalamu kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa, akajaribu, kalamu ikateleza, akajaribu tena. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Mama, jina langu linaanzaje?"

Kuanzia siku hiyo hakusaini mkataba mwingine wa chumba kile bila kusema kweli. Kwanza aliandika barua kwa mkaguzi wa kazi. Mkaguzi alituma taarifa wiki moja kabla ya kufika. Katika wiki hiyo chumba kilipakwa rangi nyeupe, wenye kutetemeka wakapewa siku mbili za mapumziko, na glavu mpya zikagawiwa. Mkaguzi aliandika kwamba ameridhika, akatia muhuri juu ya meza ya marehemu mwenyewe. Saa nane mchana Kamanda alipita na gunia, akazikusanya glavu.

Ikabaki njia moja. Kwenye usaili, baada ya maswali ya kawaida, marehemu alifunga mlango na kumwambia mwombaji, "Kazi ipo, na ukiitaka siwezi kukuzuia. Ila sikiliza unga huu unafanya nini." Kisha alimwambia yote: tumbo, mikono, mstari wa buluu, kijana na kalamu. Wengi waliinuka wakaenda zao. Waliobaki, kwa sababu ya njaa nyumbani, alimwandikia kila mmoja kwenye kipande cha karatasi jina la kipimo cha damu. Kwa zaidi ya miaka mitatu wakubwa wa juu walishangaa kwa nini geti linajaa waombaji asubuhi, na wanaokubali kazi ni wachache.

Jumanne tarehe 17 Januari 2012 aliingia mwombaji mwenye shati lililofifia na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vizuri, soli hazijaliwa hata upande mmoja. Marehemu alikuwa ametazama viatu vya wanaotafuta kazi kwa karibu miaka ishirini na tisa. Alimjua tangu alipovuka kizingiti kwamba ametumwa. Karani wake, aliyekuwa akiandika pembeni, anasema marehemu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Kisha akafunga mlango, akamwambia yote, neno kwa neno, kama alivyowaambia wengine. Hakupunguza hata mstari wa buluu. Mwisho akamwambia, "Na huko juu wape salamu."

Mtu yule alishukuru kwa adabu. Asubuhi iliyofuata barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani. Marehemu aliisoma hadi mwisho, akatambua kila sentensi. Ni yeye aliyeiandika, mwaka 1998, kama mfano wa makarani kunakili.

Jioni hiyo alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akiwa na mkoba na kitabu chake cha sheria kilichofungwa kwa gundi. Alimkuta anakata kioo. Akasimama mlangoni akamweleza kila kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" mdogo mtu aliuliza. "Uliniacha nikuchukie miaka saba."

"Kuchukiwa na wewe niliweza," alisema. "Kukuzika nisingeweza."

Walikunywa chai. Kioo kile hakikukatwa siku hiyo.

Kuhusu ugonjwa. Mwaka 2018 alianza kuvimba miguu na kuumwa kichwa, na presha ikapanda isitake kushuka. Tarehe 11 Februari 2019 aliambiwa kwamba figo zake zimechoka. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Aliangalia majibu ya damu mara mbili.

"Umefanya kazi kwenye risasi?"

"Hapana, daktari. Mimi nilikuwa ofisini."

"Kuna aliyefanya, nyumbani?"

"Mume wangu, zamani."

"Nguo zake za kazi alifua nani?"

Mumewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinuka akatoka nje. Mdogo wake alimkuta kwenye benchi la korido akiitazama mikono yake, kiganja, kisha mgongo, kisha kiganja. Marehemu alitoka akakaa kando yake. "Usianze," alimwambia. "Nilifua mwenyewe. Na gazeti ulisoma vizuri."

Mama yetu alipoelezwa kwamba damu ya mwanawe ina risasi, alishtuka akauliza, "Kampiga nani?" Ikabidi aelezwe tena, polepole, beseni na ovaroli na maji ya kijivu. Kisha akasema lile neno ambalo wote tulilijua na hakuna aliyethubutu kulisema: "Kikulacho ki nguoni mwako." Binti na mwana wa marehemu nao walipimwa. Majibu yao ni yao na hayataandikwa hapa. Marehemu alikuwa mkali kuhusu faili za watu.

Kwa miaka minne damu yake ilisafishwa kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine zote alikuwa na kazi. Mikataba ile ilibaki kiwandani, lakini watu aliowachagua hakuwasahau. Alinunua daftari la shule, akawaandika wote sitini na watatu kutoka kichwani, kila mtu na mtaa wake na alama yake. Yeye na mdogo wake wakaanza kuwatafuta, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wapime damu, wao na wake zao na mama zao na yeyote aliyewafulia. Waliwapata arobaini na wanne. Kati ya hao, kumi na mmoja walipatikana makaburini. Kwenye mlango mmoja mjane aliwamwagia maji machafu. Marehemu alijifuta uso akasema, "Ana haki," akasubiri nje hadi mjane alipomfungulia. Mjane huyo yupo hapa leo, na ndiye aliyemwosha kichwa wiki zake za mwisho.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Mumewe alikuwa akimsomea gazeti. Siku iliyofuata mdogo wake alipita mbele ya kiwanda akienda kuchapisha karatasi hizi. Kibao kina jina jipya na ukuta una rangi mpya. Getini palikuwa na tangazo lililobandikwa wiki hiyohiyo: wanahitajika vijana kumi na wawili, wenye afya na nguvu, mkataba wa miezi sita. Foleni ilifika kwenye kona. Mdogo mtu alisimama akaongea nao. Wanne waliondoka. Walinzi wakaja. Shada la maua mnaloliona pale langoni limeletwa na kiwanda asubuhi ya leo, na familia imeona libaki hukohuko langoni.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake wawili wa kike na mdogo wake huyu. Ameacha pia watu kumi na tisa ambao hawajapatikana. Mmoja ni mwanamke mrefu aliyekuwa na mapacha wachanga. Mmoja alikuwa mchezaji wa mpira mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Wawili ni ndugu, mkubwa na mdogo, waliochukuliwa siku moja kwa sababu mkubwa aliomba wasitenganishwe. Mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa na alisema anaokoa muda, mwakani anarudi shule. Wengine wamo daftarini.

Kama wewe ni mmoja wao, au uliwahi kumfulia mmoja wao, usiondoke kabla hujaonana na fundi vioo. Atakaa kwenye ile benchi ya ukutani hadi mtu wa mwisho atoke. Hutaulizwa lolote mbele ya watu.

Dada Mkubwa, lala. Mungu akupe utulivu ulioukosa tangu ulipolisoma rundo lile.